Baada ya mazishi ya Compo

Jumapili moja mchana, kwenye sebule kubwa ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Huddersfield, TV ikionyesha marudio ya komedi ya *Last of the Summer Wine*, mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kipindi hiki kilitakiwa kiishe siku ileile walipomzika Compo."

Bibi wa kiti cha pili hakumgeukia. Aliendelea kutazama TV, kikombe cha chai kimetulia mapajani, akasema, "Clegg naye angekwenda wapi?"

Mzee akacheka. Bibi hakucheka.

Mimi nilikuwa nakusanya vikombe na zamu yangu ilikuwa inaishia. Nikaondoka, nikapanda basi, nikapika, nikalala. Swali la yule bibi halikuondoka. Limenikalia wiki hadi wiki, na kila nikikuta marudio ya *Last of the Summer Wine* mchana najikuta nimesimama katikati ya chumba na shuka mikononi, natafuta jibu.

Tunaoishi Uingereza tunakijua hata kama hatujawahi kukikalia. Wazee watatu, Compo, Clegg na mwenzao wa tatu aliyebadilika mara kwa mara, hawana kazi, hawana wake, wanazurura kwenye vilima vya Yorkshire wakipiga soga. Kinanda cha mdomo kinapulizwa taratibu, na mawingu yanapita juu ya mji mdogo wa Holmfirth. Kilianza BBC mwaka 1973 na kikakoma mwaka 2010: misimu 31, vipindi 295, na kila neno limeandikwa na mtu mmoja, Roy Clarke.

Muda wote huo watu wamekuwa wakikigombania.

"Hakuna kinachotokea"

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na mara nyingi linatoka kwa vijana. Mwenzangu kazini, kijana wa Mombasa, alikaa nusu saa nzima akikitazama pamoja na wazee, kisha akaniuliza, "Dada, hawa wanangoja nini?"

Hawangoji kitu. Huo ndio msingi wa kipindi chenyewe. Duncan Wood, aliyekuwa mkuu wa vichekesho BBC, alimtaka Clarke aandike juu ya wanaume watatu wenye umri mkubwa. Clarke alihangaika na wazo hilo, akawa karibu kulikataa. Mlango ulifunguka alipowaza: tuseme hawana ajira, na hawana mke wa kuwauliza umetoka wapi. Mmoja mjane, mmoja hajaoa, mmoja mkewe kamkimbia. Basi watakuwa huru kama wavulana wa miaka 14 wakati wa likizo. Watapanda miti. Watarusha mawe mtoni. Watazungumza habari za kifo huku wakila biskuti.

Ukitazama kile kipindi cha majaribio cha Januari 1973, kinafunguka kwa jirani kutoa taarifa kwamba TV ya Compo inachukuliwa tena, kwa sababu hajalipa. Wanaume wanaibeba nje. Compo hana hasira, analitazama jambo kama mtu anayetazama mvua. Halafu anawafuata wenzake, na siku inaanza.

Au chukua lile sanduku la kibiriti. Compo anatembea nalo mfukoni. Akikutana na mwanamke anamsogelea, analifungua kidogo, mwanamke anaruka. Kuna nini ndani? Hatuonyeshwi. Nimewauliza wazee wetu, na kila mmoja ana jibu lake, na kila mmoja ana uhakika. Kipindi ambacho hakuna kinachotokea kimewaachia watu kitu cha kubishania kwa miongo mitano.

Lakini nakubali kwamba utulivu huo haukuwa wa aina moja. Misimu ya mwanzo ina ukali. Maktaba baridi, wanaume walioachishwa kazi, Clegg aliyekuwa akiuza mazulia ya lino kwenye duka la ushirika anajibu maswali ya Mungu na mauti kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Baadaye vikaja vituko: beseni la kuogea linaporomoka kilimani na watu ndani, baiskeli zisizo na breki, mashine za kuundwa gereji. Wapo wanaosema ndipo kipindi kilipopotea. Wapo wanaosema ndipo kilipochangamka, na namba ziko upande wao, maana katikati ya miaka ya 1980 ndipo kilipofika kileleni. Kuna jioni ya mwaka 1985 ambapo watazamaji walipita milioni 18.

Mimi napenda yale ya maktaba. Ila mzee akicheka beseni likiporomoka, siwezi kumwambia anacheka kitu kisicho sahihi.

Yule wa tatu

Ukitaka kuwasha moto sebuleni, uliza nani alikuwa mtu wa tatu bora.

Compo, aliyeigizwa na Bill Owen, na Clegg, aliyeigizwa na Peter Sallis, hawagusiki. Ugomvi ni juu ya yule kiongozi, mwenye mipango, mwenye kifua mbele. Wa kwanza alikuwa Blamire, wa Michael Bates. Akafuata Foggy, wa Brian Wilde, koplo wa zamani anayejiona jenerali. Kisha Seymour, wa Michael Aldridge, mwalimu mkuu mstaafu na mvumbuzi wa vitu visivyofanya kazi. Foggy akarudi. Mwishoni akaja Truly, wa Frank Thornton, polisi mstaafu.

Wengi wanampa Foggy, nami nawaunga mkono. Wilde alikuwa na namna ya kunyoosha shingo kabla ya kusema uongo, kama mtu anayevaa tai ndani ya nafsi yake. Wachache, hasa waliokianza mapema, wanamshikilia Blamire. Wanasema zile siasa alizobishana na Compo zilikuwa na uzito. Na kweli zilikuwa na uzito hata nje ya kamera: Sallis aliwahi kusimulia jinsi Owen wa mrengo wa kushoto na Bates wa mrengo wa kulia walivyokabana koo kwa siasa kabla hata kazi haijaanza vizuri.

Kilichonivuta mimi ni sababu za hao watu kuondoka. Bates aliugua saratani, akaacha baada ya msimu wa pili, akafariki mwaka 1978. Wilde aliondoka mwaka 1985 akatafuta kazi nyingine, akarudi 1990, kisha mwaka 1997 ugonjwa wa mkanda wa jeshi ukamzuia kushiriki, ikabidi Foggy aondolewe kwenye hadithi na Thornton aingie.

Na Aldridge aliacha kazi mwaka 1990 ili amuuguze mkewe.

Niliposoma hilo nilikaa chini. Najua kazi hiyo ilivyo. Najua mtu anavyoacha vitu vyake kimoja kimoja, na watu wa nje wanaona tu kwamba siku hizi haonekani. Watazamaji wa wakati ule waliona Seymour kapanda basi kwenda kuchukua kazi shuleni kwingine, Foggy karudi, na kipindi kinaendelea. Tangu hapo mtu akimsema Seymour vibaya mbele yangu namtetea, ingawa kwa vichekesho vitupu sina hoja ya kutosha.

Wanawake wenye mafagio

Hapa nina shida na kipindi hiki, na sitaki kuipita juu juu.

Nora Batty na fagio lake. Ivy na sinia yake pale mgahawani. Pearl anayemnusa mumewe Howard kila akitoka. Wanaume ni watoto wapole, wanawake ni askari. Miaka 37 ya wake wakali na waume wanaojificha. Ukikitazama vipindi vitatu mfululizo, unaanza kuuliza ni nani aliyewapikia hawa wanaume, ni nani aliyefua hizo soksi, na kwa nini yeye ndiye anayechekwa.

Halafu kuna suala la Compo na Nora. Compo anamtaka Nora, mke wa jirani yake, anamwimbia dirishani, anamvizia kwenye ngazi, anazisifia soksi zake zilizokunjamana. Nora anamfukuza kila siku. Kila siku anarudi. Sebuleni kwetu kuna binti wa mmoja wa wazee, mtu mzima, aliyesema wazi kwamba leo Compo angeitiwa polisi. Sioni jinsi ya kumkatalia. Mwanamke anasema hapana kwa miaka mingi na kicheko kinajengwa juu ya hapana yake.

Lakini tazama nani anacheka zaidi kwenye sebule ile. Ni akina bibi. Wanacheka kwa nguvu zaidi wakati wanaume hawapo kabisa, kwenye zile mandhari za wanawake wamekaa kwa Edie na vikombe vya chai, wanawajadili wanaume kama watu wanavyojadili hali ya hewa mbaya. Edie aliigizwa na Thora Hird. Aliingia mwaka 1986 akiwa na miaka 75 hivi, akabaki mpaka kifo chake mwaka 2003. Nitajie kipindi kingine cha wakati ule kilichompa mwanamke wa umri huo nafasi ya kuchekesha nchi nzima, wiki baada ya wiki, kwa maneno yake mwenyewe na si kama bibi wa pembeni anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mimi sikipati.

Bibi mmoja aliniambia, "Mimi nilikuwa Nora. Mume wangu alikuwa na vitu vyake gereji." Alisema kwa fahari.

Sijalimaliza jambo hili. Nadhani mandhari za Edie ni miongoni mwa bora kabisa, na nadhani Howard angestahili siku moja kusikilizwa na mahakama. Nayashika yote mawili.

Mwaka 1999

Sasa turudi kwa Compo.

Bill Owen alikuwa mtu wa London, si wa Yorkshire, ingawa huwezi kumwambia hivyo mtu wa Holmfirth. Aliupenda ule mji mpaka ukawa wake. Mwaka 1999, akiwa na saratani ya kongosho, alikwenda Ufaransa kurekodi kipindi maalumu cha kuukaribisha mwaka 2000. Alifariki tarehe 12 Julai 1999, na miaka 85 mgongoni.

BBC ingeweza kufunga. Sababu ilikuwepo, heshima ilikuwepo, na wengi wangeelewa.

Roy Clarke akaketi akaandika upya. Compo naye afe. Na afe kwa namna gani? Nora Batty, ambaye dunia nzima inamjua kwa zile soksi zilizokunjamana, anaonekana akiwa amevaa soksi nyeusi za kubana, amejipamba kwa ajili ya onyesho. Compo anamwona. Moyo hauhimili. Anakufa akiwa ameona alichokitaka maisha yake yote.

Watazamaji wengine waliona ni kukosa adabu, mtu amezikwa juzi na ninyi mnatania kifo chake.

Nimekulia Tanga, na hapo ndipo ninapowaelewa watu wa Clarke kuliko wanavyojielewa baadhi ya majirani zangu hapa. Kwetu mtani akifika msibani haulizi ruhusa. Analala palipotayarishwa kwa marehemu, anadai alipwe ndipo maiti itoke, anaigiza mwendo wa marehemu mpaka mjane aliyekuwa amejiinamia anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja. Hakuna anayedhani mtani hana huzuni. Ndiye aliyepewa kazi ya kuibeba ile huzuni ili wengine wapumue.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa Clarke. Kipindi cha kwanza kabisa cha mwaka 1973 kina neno mazishi kwenye jina lake. Siku mbili baada ya Krismasi ya mwaka 1983 ilionyeshwa filamu ndefu ya kipindi hiki, *Getting Sam Home*. Sam katoka hospitali na ana ombi moja: usiku mmoja na Lily, mwanamke wake wa siri. Rafiki zake wanamsaidia kufika. Sam anafia hukohuko. Kazi ya wazee watatu inakuwa kumtembeza marehemu gizani ili aonekane kafia kitandani kwake, mkewe asijue. Nimeitazama na wazee wetu. Kuna mahali wanaume wamembeba mwenzao, wamechoka, wanabishana kwa minong'ono kama watu wanaohamisha kabati, na wewe unacheka huku ukijua kwamba hakuna aliyewahi kumpenda Sam kama hawa wanavyompenda usiku huu.

Kwa hiyo mazishi ya Compo yalikuwa kazi ya mtu aliyekwisha kuifanyia mazoezi miaka mingi. Hata wanaokichukia kipindi hiki wanakiri kwamba vile vipindi vya mazishi ni vizuri. Ndiyo maana mzee wetu anasema kilitakiwa kiishie pale. Pale palikuwa mahali pazuri pa kuishia.

Miaka 10 ya ziada

Kikaendelea hadi 2010.

Tom Owen, mtoto wa kweli wa Bill, akaja kuigiza Tom, mtoto wa Compo ambaye hakuna aliyejua yupo. Wakaongezeka waigizaji wengine: Keith Clifford, Brian Murphy, Burt Kwouk. Mwaka 2003 jarida la *Radio Times* liliwauliza wasomaji wake ni kipindi gani wangependa kifutwe, na hiki ndicho kilichoongoza. Mwaka uliofuata, BBC ilipoendesha kura ya komedi bora ya Uingereza, hikihiki kikashika nafasi ya 14 nchi nzima. Nchi moja, kipindi kimoja, miezi michache katikati.

Nimejaribu kuwa upande wa wasomaji wa *Radio Times*. Nimeitazama ile misimu ya mwisho kwa makini, na kama ni vichekesho tu, wana haki. Watu ni wengi mno, kila mmoja ana mistari miwili. Utani unaonekana unakuja kutoka mbali. Mandhari za kuanguka zinafanywa na watu wengine kwa mbali, kisha kamera inamrudia mwigizaji akiwa amekaa majanini anapumua.

Ndipo nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya.

Peter Sallis alizaliwa Februari 1921. Kile kipindi cha kwanza kilipoonyeshwa Januari 1973 alikuwa na miaka 51. Bates alikuwa na 52. Bill Owen, mkubwa wao, 58.

Hawakuwa wazee.

Walikuwa wanaume wa makamo wanaoigiza uzembe wa uzeeni, na walikuwa na magoti ya kuigizia. Misimu ile tunayoisifu wote, ile yenye ukali na falsafa ya kifo, ni ya watu ambao kifo kwao bado kilikuwa mada ya mazungumzo. Ni uzee kama unavyoonekana na mtu ambaye hajafika. Bila shaka unapendeza zaidi. Una kasi, una maneno, unapanda kilima bila kusimama.

Kisha wakafika. Sallis aliingia akiwa na 51 akatoka akiwa na 89. Hakuna mtu mwingine aliyekuwemo kwenye vipindi vyote 295. Unaweza kuvipanga ukamwona mtu anazeeka mbele ya macho yako bila vipodozi: sauti inashuka, hatua inafupika, mistari inapungua, mkono unatafuta kiti kabla mwili haujakaa. Kama kipindi kingefungwa mwaka 2000, tungebaki na komedi maarufu juu ya uzee ambayo karibu haina mzee wa miaka 80 anayeendelea na siku yake baada ya rafiki yake kufa.

Na katika misimu miwili ya mwisho likatokea hili. Gharama ya kuwakatia bima Sallis na Thornton warekodi nje ilipanda mno. Basi Clegg na Truly wakaacha kupanda vilima. Wakapewa mandhari za ndani, wawili hao, wamekaa, wanazungumza, wakati Hobbo, mhusika mpya aliyeigizwa na Russ Abbot, na wenzake wanakimbia huko nje. Watazamaji wengi waliona hapo ndipo kipindi kilipokufa rasmi: mwenye kipindi chake amefungiwa sebuleni.

Mimi najaza fomu hizo. Kwetu mzee akitaka kutoka bustanini asubuhi ya baridi, kuna karatasi ya tathmini ya hatari. Sakafu ina unyevu? Anatumia fimbo? Alianguka lini mara ya mwisho? Nani atakuwa naye? Nazijaza kwa uaminifu kwa sababu nimewaona walioanguka, nimesikia ule mlio wa nyonga. Nimewaona pia wanaotazama dirishani wakati mimi bado naandika. Kuna mzee aliyekuwa akitembea vilima hivi hivi vya Pennine kila Jumamosi tangu ujana. Siku hizi anaomba kiti chake kigeuzwe upande wa magharibi, na akishageuziwa anakuambia leo njia ya kule juu itakuwa na tope.

Kwa hiyo nilipowaona Clegg na Truly wamekaa ndani, sikuona kipindi kilichokufa. Niliona kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye komedi nyingine yoyote. Bima ndiyo iliyoandika ile mandhari, najua, wala haikuwa nia ya msanii. Lakini Clarke hakuwaondoa. Hakumpeleka Clegg Australia kwa binamu. Alimwachia kiti, chai na rafiki mmoja, akaendelea kumwandikia maneno. Na Sallis ndiye aliyepewa mstari wa mwisho kabisa wa kipindi chote, tarehe 29 Agosti 2010.

Ndiyo jibu langu kwa swali la yule bibi. Clegg hakuwa na pa kwenda. Akabaki, na kamera ikabaki naye.

Mzee aliyesema kilitakiwa kiishe anahukumu hadithi, na kwa hadithi yuko sahihi; mazishi yale ndiyo kilele. Ila huyo mzee mwenyewe ni mjane. Mkewe alifariki kabla ya mimi kuanza kazi pale. Anakula, anabishana, anadai gazeti lake liletwe kabla ya saa 3. Sitaki kuishi kwenye nchi ambayo ingemwambia kwamba sehemu yake nzuri imekwisha na taa zizimwe.

Upperthong

Nimepanda basi kwenda Holmfirth zaidi ya mara moja. Ni mwendo mfupi kutoka hapa. Ule mgahawa wa kwenye kipindi, wa Sid, upo kweli karibu na kanisa, na watu wanapiga picha kwenye ngazi za Nora kando ya mto. Juu zaidi, kwenye uwanja wa kanisa la Upperthong, ndipo alipozikwa Bill Owen. Peter Sallis alipofariki Juni 2017 akiwa na miaka 96, alizikwa jirani naye.

Pale juu nilikutana na mume na mke waliotoka mbali, wameegesha gari, wanabishana kwa sauti ya chini: mume anasema Foggy, mke anasema Truly. Mke alikuwa na hoja ambayo sikuwahi kuisikia. Alisema Truly ndiye pekee katika wale wanne asiyetaka kumwongoza mtu yeyote, na kwamba ndiyo sababu yeye na Clegg waliweza kukaa chumba kimoja mwishoni bila kuchoshana. Nimeichukua hoja hiyo. Inanisumbua, kwa sababu inatikisa upendo wangu kwa Foggy, na kwa sababu sijui ni nani mwingine angeweza kukaa katika zile mandhari za ndani. Foggy angetaka kupanga safari. Seymour angevunja kitu.

Kwa wasiokijua na wanataka kujaribu, ushauri wangu ni huu. Msianze mwanzo kabisa. Anzeni mwaka 1976, Foggy anapoingia, maana hapo kimeshapata pumzi yake. Kisha tazameni *Getting Sam Home* pamoja na mtu mnayempenda. Kisha ule msimu wa mwaka 2000, mfululizo, bila kuruka kipindi, hata vile ambavyo Tom bado anatafuta miguu yake. Mkifika 2009 na 2010 mtachoka, kutakuwa na kukimbia kwingi kusiko na sababu. Pitisheni huko mbio mkitaka. Lakini kila Clegg anapotokea, acheni rimoti chini mumtazame Sallis wakati mwenzake anazungumza. Kwa miaka 37 kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza, na hakuna mahali anaifanya vizuri kama pale kwenye kile kiti.